Kengele Iliyobaki Bwera



 

Ndugu zangu, mliotoka Kasese mnamjua kijana huyu, hata kama kwenu ana jina jingine. Sekondari alikimbia mita 1,500 asubuhi, mita 5,000 mchana, na jioni akaingizwa kwenye mbio za kupokezana vijiti kwa sababu mwenzake ameumia. Shule ilimsamehe ada ili aikimbilie. Alipofika chuo kikuu akajiandikisha kwenye timu, akaenda mazoezini mara tatu, basi. Mwaka wa pili viatu vya mbio vilikuwa chini ya kitanda, na yeye anapanda boda kwenda darasani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nilikaa naye chumba kimoja. Sisi wa Bwera tulimcheka, tukisema rolex za usiku zimemmaliza. Yeye si Muislamu. Asubuhi moja, wala hakuwa na nia mbaya, aliniuliza: "Na wewe, mbona siku hizi huamki kusali?"

Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nikiadhini.

Sote wawili tuliamshwa na kengele moja. Wakimbiaji walishika barabara ya Mpondwe kukiwa bado giza, nasi tukaelekea kwenye chumba tulichokifanya msikiti. Tulidhani ile ni imani yetu na yale ni mapafu yao. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa ya kengele, na ya mwalimu wa zamu aliyesimama mlangoni mwa bweni na fimbo. Chuoni hakuna kengele. Hapo ndipo mtu anapojua kilicho chake ni kipi.

Tazameni jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopanga mashindano ya farasi, kama Bukhari alivyopokea kwa Ibn Umar. Farasi waliotayarishwa walikimbizwa kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, maili tano au sita. Wasiotayarishwa walikimbizwa kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kama maili moja tu. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa washindani. Wanazuoni wanaeleza utayarishaji huo: farasi alilishwa mpaka akanenepa, kisha akapunguziwa chakula kidogo kidogo, akafunikwa na kuwekwa mahali pa joto atoke jasho, mpaka mwili ukakaza. Kazi ya subira. Na yule ambaye hakutayarishwa hakufukuzwa uwanjani. Alipewa umbali wake.

Sisi tunafanya kinyume. Mtoto wa miaka 16 anakimbizwa mbio tatu kwa siku moja kwa sababu ada yake iko miguuni. Mifupa ya muundi inaanza kupata nyufa, naye anapakwa dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani. Kwa binti, mwili hubadilika katika miaka hiyohiyo, damu hupungua madini ya chuma, muda wake ukarudi nyuma mwaka mmoja au miwili, nasi tunamwambia amekwisha. Kisha wanafika chuoni, ada inalipwa na mjomba au mkopo, na sababu ya kukimbia imeondoka. Tunawaita wavivu. Mimi siwaiti hivyo tena. Mwili ni amana, na wengi wao walitumiwa vibaya na watu wazima kabla hawajajua kusema hapana.

Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.) alikuwa kijana wa rika lenu. Alifunga kila siku na kukesha akisali. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alimwambia apunguze: mwili wake una haki, macho yake yana haki, mke wake ana haki. Akamshauri afunge siku tatu kwa mwezi. Kijana akajibu kwamba anaweza zaidi, na zaidi, mpaka wakafika kwenye funga ya Nabii Daud, siku moja kufunga na siku moja kula. Alipozeeka alitamani angekubali ile ruhusa ya kwanza. Na ni yeye huyohuyo aliyeonywa asiwe kama mtu fulani aliyekuwa akisimama usiku kusali kisha akaacha. Mtume hakumtaja mtu yule kwa jina. Naona huruma kubwa katika hilo.

Kupungua si kuacha. Tarehe 26 Machi 2017, pale Kololo, Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia mbele ya watu wake mpaka mzunguko wa mwisho, kisha miguu ikagoma. Alimaliza wa 30. Lakini alimaliza. Agosti mwaka huohuo akapata fedha ya mita 10,000 London, na mwaka 2019 akawa bingwa wa nyika Aarhus. Na Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume akamshinda, baadaye mwili wake ulipoongezeka, Mtume akamshinda yeye, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Mama wa Waumini hakuona haya kutusimulia kwamba kasi yake ilipungua.

Kasese sasa ina marathon yake ya Rwenzori, tangu 2022. (Mdhamini wake ni bia, na Muislamu anayetaka kukimbia ana swali la kujiuliza kuhusu fulana atakayovaa.) Simwambii mtu aanze na kilomita 42. Tafuta maili yako moja: rakaa mbili za alfajiri kabla ya faradhi, ukurasa mmoja wa Qur'ani, dakika ishirini za kukimbia. Na tafuta mtu wa kukugongea mlango, maana kengele ilibaki Bwera.

Mimi nimempata wangu. Tuko hosteli tofauti sasa, lakini anapita kwangu gizani akielekea barabarani, anagonga dirisha mara mbili, hasubiri jibu. Viatu ni vilevile vya shule. Soli ya kushoto tumeibandika kwa gundi.