Kumwuliza Kijana Apendalo

Kumwuliza mtu apenda nini ni jambo jepesi mezani na dukani. Swali hilo huwa zito linapoulizwa kijana mwenye ulemavu aliye karibu kuondoka shule, maana jibu lake laweza kutumiwa kuamua mahali atakaposhinda siku zake zilizosalia.

Nchi ya Marekani imelifanya swali hili kuwa wajibu wa sheria. Mwaka 1975 watoto wote wenye ulemavu walipewa haki ya elimu bila malipo katika shule za umma. Mwaka 1990 ikaongezwa kwamba shule imsaidie mwanafunzi kuvuka kutoka darasani kwenda katika maisha ya utu uzima. Marekebisho ya mwaka 2004 yataka mpango wa kuvuka uwepo atimizapo miaka 16, nao ufuate uwezo wake, mapendeleo yake na mambo yamvutiayo. Yeye mwenyewe hualikwa katika kikao kinachomjadili. Asipohudhuria, shule yapaswa kuyatafuta matakwa yake kwa njia nyingine. Ni amri njema, kwani vijana wa namna hii wamezoea kusemewa na kila mtu.

Lakini apendalo mtu hujulikanaje? Mwaka 1927 Edward Strong wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa orodha ya maswali ya kupima mvuto wa mtu kwa kazi mbalimbali. Orodha za namna hiyo zilihitaji msomaji. Kwa hiyo baadaye vilitungwa vipimo vya picha, ili asiyejua kusoma achague kwa kidole. Hila hiyo ni njema, ila picha ya mtu apandaye miche haina jua wala harufu ya udongo. Kijana ambaye hajapata kushika jembe huenda akachagua rangi tu.

Tena mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake walionyesha kwamba watu wengi wenye ulemavu wa akili wakiulizwa hujibu ndiyo, hata kwa maswali mawili yanayopingana. Sidhani kwamba hilo ni upungufu wa akili peke yake. Mtu ambaye kila hapana yake iliitwa ukaidi amejifunza vema somo alilofundishwa.

Sisemi haya kwa kusoma sheria za wageni tu. Mdogo wangu alizaliwa mzito wa kusema na mzito wa kushika mafunzo. Nyumbani tuliamini kwamba apenda kuku. Aliwalisha tangu utotoni, akasifiwa, na kila mgeni aliambiwa, "Huyu na kuku wake." Kisha fundi cherehani akapanga baraza yetu. Mdogo wangu alisimama kando ya cherehani kutwa nzima, na kuku wakalala njaa. Mama akamkemea, nami nilicheka. Miezi ilipita kabla sijatambua kwamba tulikuwa tumeita pendo lile ambalo lilikuwa nafasi ya pekee tuliyompa.

Pendo la kazi si fedha iliyofichwa sandukuni, ikingoja mhesabuji. Huzaliwa katika kuonja. Basi anayempima kijana kabla ya kumwonjesha hupima uchoyo wake yeye mpimaji. Kipimo cha haki ni cha polepole: majuma kadhaa katika kazi hii, majuma mengine katika ile, na mtu mwenye subira akitazama ni wapi mikono inaharakisha na ni wapi macho yanatafuta mlango. Najua kwamba kipimo hicho ni ghali.

Je, akipenda asiloliweza? Washauri husema: anayetaka urubani aulizwe kama kimvutiacho ni ngurumo ya injini, sare au safari, kisha atafutiwe kazi uwanjani. Shauri hilo lina busara, nami naliogopa. Kwa njia hiyo hiyo matumaini ya mtu hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sauti ya upole. Sisi tusomao kurasa hizi tuliachiwa kuchagua vibaya. Wengine wetu tumebadili masomo mara mbili chuoni, na hakuna aliyeandika katika faili kwamba hatujui tupendalo.

Mdogo wangu alipopewa kiti mbele ya cherehani alivunja sindano tatu siku ya kwanza. Jioni fundi aliniita kando, akaniuliza kama aendelee naye. Nilimwambia, "Mwulize yeye, fundi, nawe ungoje jibu."