Uzito wa Mfukoni

Januari 1995, katika visiwa vya Ufilipino, kijana wa miaka 16 alipanda mizani akiwa na vitu vizito mifukoni mwake. Jina lake ni Manny Pacquiao, na alikuwa akiingia katika ngumi za kulipwa. Mabondia wengi husumbuka kuupunguza mwili. Huyu alikuwa na dhiki ya kinyume, kwamba mwili wake ulikuwa haba mno. Mizani ikasoma alivyotaka isome, naye akapigana. Miaka mingi baadaye, alipokuwa bingwa mashuhuri, aliisimulia hila hiyo mwenyewe, na watu wakacheka pamoja naye.

Je, kicheko hicho ni halali? Mwenye msimamo atasema kwamba uwongo ni uwongo, na aliyeidanganya mizani amewadanganya wote wanaoitegemea. Lakini iko tafauti. Muuza duka anayebandika kijiwe chini ya sahani ya mizani hula haki ya mnunuzi. Kijana huyu kijiwe alikibandika dhidi ya nafsi yake: alichojinunulia ni ruhusa ya kupigwa na mtu aliyemzidi.

Wapenzi wa ushairi hawatashangazwa sana. Mizani katika tungo ni hesabu ya silabi, na kila mtunzi aliyekesha na kipande kisichotimia anajua jinsi neno lisilo na kazi linavyoitwa kuja kuziba pengo. Hesabu hutimia, na anayeumia ni shairi lenyewe.

Hata hivyo hoja ya "dhidi ya nafsi yake" haitoshi. Aliyesimama mbele ya kijana yule naye alidanganywa: aliambiwa anakutana na mwenziwe wa uzito mmoja. Lau ngumi yake ingeua, angebeba mauti ya mtu aliyedhani ni sawa naye. Na walikuwapo waliosimamia kipimo, wakaitazama mizani wasiitazame mifuko. Kijana mwenye njaa ana udhuru. Wao udhuru wao ni upi?

Mizani ilikuja kudai haki yake. Desemba 1998 Pacquiao alimwangusha Chatchai Sasakul nchini Thailand, akatwaa ubingwa wa uzito wa inzi, ambao kikomo chake ni ratili 112. Septemba 1999 mwili ulikuwa umekwisha kukua. Alizidi kikomo, akavuliwa ubingwa pale pale mizanini, na Medgoen Singsurat akamwangusha katika raundi ya tatu kwa ngumi ya mwilini. Chuma cha mfukoni hutolewa, nyama haitoleki.

Basi akapanda. Mwaka 2001 alimshinda Lehlo Ledwaba wa Afrika Kusini katika ratili 122, na 2003 Marco Antonio Barrera katika uzito wa unyoya. Kisha, kati ya Machi 2008 na Novemba 2009, akashinda katika madaraja manne yaliyofuatana: Juan Manuel Márquez, David Diaz, Ricky Hatton, Miguel Cotto. Huyo wa mwisho alikubali kushuka hadi ratili 145, ilhali daraja lake linaruhusu 147. Ratili mbili sokoni ni kitu kidogo. Kwa mtu aliyekwisha kujikamua maji mwilini, si kidogo hata kidogo, na wanaohesabu mikanda ya Pacquiao wangefanya insafu kulitaja hilo.

Novemba 2010, huko Texas, alikutana na Antonio Margarito kuwania daraja la nane. Kikomo cha mkanda ule ni ratili 154, wakakubaliana 150. Pacquiao alipima 144 na ushei, chini hata ya kikomo cha daraja alilotoka. Margarito alipima 150. Lakini kipimo hufanywa siku moja kabla, na usiku wa pambano, baada ya kula na kunywa, ilitangazwa kwamba alikuwa na ratili 165 na mwenziwe 148. Hapana sheria iliyovunjwa.

Tena mtu huyu alikuwa na habari nyengine nyuma yake. Januari 2009, kabla ya kupigana na Shane Mosley, vitambaa vya kufungia mikono yake vilikutwa na kitu kigumu ndani. California ikamfutia leseni. Yeye akashikilia kwamba hakujua. Texas ikampa leseni yake. Aliyevitia vitu hivyo, awaye yote, aliuficha uzito ili aumie mwengine. Anayeiweka mifuko ya 1995 na vitambaa vya 2009 katika kapu moja ameuona uwongo, hakumwona mtu.

Ulingoni, mzito ndiye aliyeteketea. Jicho la kulia la Margarito lilifumba, na mfupa unaolizunguka ulikuwa umevunjika. Mizani ilikwisha kazi yake siku iliyotangulia, sheria haikuwa na neno, na watu wa kona yake hawakurusha taulo. Naye mwenyewe hakutaka kusalimu amri. Katika raundi za mwisho Pacquiao alimgeukia mwamuzi kumtaka aamue yatoshe. Baadaye alieleza kwamba hakutaka kumwachia mwenziwe kilema cha maisha.

Mwamuzi akaacha waendelee. Pacquiao akarudi kwa Margarito, na raundi ya kumi na mbili akaipigana huku akijizuia mkono, mbele ya watu zaidi ya 40,000.