Kuwa Mtoto Mbele ya Mwalimu wa Roho

Ndugu msomaji, katika mila zetu neno "mtoto" si tusi. Mzee mwenye mvi anaweza kusimama mbele ya wakubwa wa ukoo na kusema: "Mimi ni mtoto wenu," wala hakuna atakayemcheka. Anasema hivyo kusudi apewe neno, apewe baraka, aonyeshwe njia. Injili nayo inamweka mtoto mdogo katikati ya watu wakubwa kama mfano wa kufuata. Basi mila na kanisa zinapatana hapa: anayetaka kujifunza mambo ya roho anapashwa kwanza kujishusha.

Lakini hapa Likasi, kutoka Kikula mpaka Panda, kutoka Shituru mpaka katikati ya mji, watu wanaoitwa baba wa kiroho wamekuwa wengi, na wengi wao wanatuambia neno lilelile: "Uwe kama mtoto, usibishe." Tumeona mama anapeleka minervali ya watoto kuwa sadaka, na watoto wanarudishwa nyumbani. Tumeona mgonjwa wa sukari anaacha dawa ya hospitali kwa sababu aliambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Ukiuliza, unajibiwa: "Baba alisema njo vile." Kwa hiyo swali letu si la kupitisha wakati. Huo utoto unaotakiwa mbele ya mwalimu wa roho ni utoto wa namna gani? Tunafikiri jibu litapatikana kama tukimwangalia mtoto mwenyewe, kisha tukikumbuka mambo yaliyotokea katika Katanga yetu.

1. Mtoto anaamini namna gani?

Sisi tunaoshinda na watoto darasani, na tunaorudi kuwakuta wengine nyumbani, tunaona mambo matatu.

La kwanza: mtoto hamwamini kila mtu. Anamwamini mama kwa sababu mama alimnyonyesha, alimbeba mgongoni, aliamka usiku alipokuwa na homa. Imani ile ilijengwa siku kwa siku, kabla mtoto hajajua kusema. Umpe mtoto yule mgeni ambaye hajamwona, hata kama amevaa koti nzuri na ana sauti kubwa, atalia. Hakuna anayemlaumu kwa kulia.

La pili: mtoto anauliza. "Juu ya nini?" Ukimjibu, anarudi tena: "Na ile juu ya nini?" mpaka mkubwa anachoka. Hana haya kuonyesha kwamba hajui. Na tuangalie vizuri: anauliza kwa sababu anaamini kwamba atajibiwa. Mtoto aliyeacha kuuliza, mara nyingi ni yule aliyepigwa kwa maswali yake, ao yule ambaye amekwisha kumdharau mwalimu. Kila mwalimu wa kazi anajua kwamba darasa linalonyamaza kabisa si darasa linaloelewa.

La tatu: mtoto anakua. Mzazi anafurahi siku mtoto anapotembea bila kushikwa mkono. Mtoto asiyekua, tunamwita mgonjwa, tunamtafutia dawa.

Basi anayetuambia tuwe kama watoto, halafu anatukataza kuuliza na anatukataza kukua, haongei habari za mtoto. Anaongea habari za mtumwa.

2. Wazee walifundisha kwa hatua

Wengine watasema kwamba kuuliza maswali ni desturi ya Wazungu, na kwamba wazee wetu walitii tu. Ni kweli, katika kambi ya mukanda, kule kwa Walunda na Watshokwe, vijana walifundishwa kwa ukali, na adabu ilikuwa kubwa. Lakini mukanda ulikuwa na mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Hakuna mtu aliyezeeka mle ndani. Kijana aliingia mtoto na alitoka mwanaume, kijiji kikamshangilia.

Kwa Baluba, chama cha Mbudye kilitunza habari za ufalme. Waalimu wake walitumia lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na alama za kuchongwa. Mjuzi alipitisha kidole juu ya shanga na alisimulia habari za wafalme, za kuhama kwa watu, za mahali patakatifu. Ubao ule haukuwa na maana moja tu ya kukariri. Aliyeufahamu alijua kuusoma kufuatana na jambo lililokuwa mbele ya watu. Maana yake nini? Mwanafunzi hakufundishwa maneno tu, alifundishwa kusoma. Na ubao uliokuwa mkononi mwa mwalimu leo, kesho ulipashwa kuwa mkononi mwake. Utii wa wazee ulikuwa njia ya kufika mahali.

3. Baba Placide alijifanya mtoto kwanza

Watu wa miji ya madini hawawezi kuongea habari hii bila kutaja Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyezaliwa Ubelgiji mwaka wa 1906, alifika katika inchi yetu mwaka wa 1933. Kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka wa 1945 hapa Katanga, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Lakini kwa wazazi wetu wengi yeye hakuwa mtu wa kitabu. Alikuwa Baba Placide, yule aliyekaa na wafanyakazi wa Union Minière na bibi zao huko Musonoi, karibu na Kolwezi, katika miaka ya 1950. Kutoka kule Jamaa ikaenea katika kambi za madini mpaka kwetu.

Yeye mwenyewe alieleza kwamba miaka mingi alihubiri kama mwenye kujua yote, mbele ya watu aliowaona kama wasiojua, na mahubiri yake hayakushika. Mambo yalibadilika alipogeuza kiti. Aliacha kusema, akauliza: ninyi ni nani, munatafuta nini katika maisha? Watu wakamfungulia mioyo. Alisikia kwamba wanatafuta uzima, uzazi na mapendo, na akatambua kwamba ni yaleyale aliyoyatafuta yeye. Mwalimu alikuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake. Tunaona hapo siri ya nguvu yake: hakuwaomba watu wawe watoto kabla yeye mwenyewe hajakubali kuwa mtoto mbele yao.

Katika Jamaa, kwa kawaida bwana na bibi waliingia pamoja. Waliongozwa na baba na mama waliowatangulia, katika njia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Waliitwa watoto wa wale waliowazaa kwa mafundisho. Lakini utoto ule haukuwa mwisho. Waliozaliwa walipashwa nao kuzaa, kuwa baba na mama wa wengine. Uzazi ulikuwa mmoja wa mizizi mitatu ya mafundisho yote. Mtu aliyebaki mtoto siku zote alikuwa hajafika.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikwenda sawasawa. Baba Placide alirudi Ubelgiji mwaka wa 1962, na alikufa huko mwaka wa 1977. Vikundi vingine vilitoka njiani, ndivyo vilivyoitwa Katete, na katika miaka ya 1970 maaskofu walikaza masharti juu ya Jamaa. Siri iliyozunguka zile njia tatu ilileta mashaka mengi. Hapo tunapata fundisho lingine: imani nzuri, ikifungiwa mahali ambapo watu wa nje hawawezi kuuliza, inaanza kuoza hata kama mbegu yake ilikuwa njema.

4. Maji ya Mwana Lesa

Kuna habari nyingine, ya uchungu, ambayo nayo ni yetu. Mwaka wa 1925 mtu wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyeitwa Tomo Nyirenda, alipita katika inchi ya Walala, upande wa Rhodesia ya Kaskazini na upande wa Katanga. Alijiita Mwana Lesa, maana yake Mwana wa Mungu. Alibatiza watu kwa kuwazamisha mtoni. Yule ambaye maji hayakumfunika vizuri, alihukumiwa kuwa mchawi, na aliuawa majini humohumo. Makumi ya watu walikufa hivyo. Mwaka wa 1926 serikali ya Waingereza ilimnyonga.

Tusiwacheke wale waliofuatana kwenda mtoni. Walikuwa wamechoka na kodi, na magonjwa, na hofu ya uchawi. Walitaka kusafishwa. Walikwenda na moyo mweupe, kama watoto wanaopelekwa kuoga. Moyo wao haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu mmoja kwenye ukingo wa mto mwenye ruhusa ya kuuliza: "Juu ya nini huyu anakufa?" Moyo mweupe peke yake haumlindi mtu; na ukiwa mikononi mwa mtu asiyekubali kuulizwa, unaweza kuwa kamba ya kumfungia.

5. Kipimo

Mtu atatupinga: "Mukiuliza kila kitu, imani itabaki wapi? Kuna mambo ambayo hayaeleweki mpaka mtu ayatembee kwanza." Tunakubali. Mtoto anasema lugha ya mama kabla hajajua sarufi. Anayengoja kuelewa maji yote kabla ya kuingia, hatajua kuogelea. Tena kuna watu wanaouliza kwa kujionyesha, ambao jibu wanalikataa hata kabla halijatoka kinywani mwa mwalimu; hao nao si watoto. Lakini kutangulia kuamini ni kama kumkopesha mtu: unampa leo, na kesho una haki ya kuona matunda. Si kumwachia nyumba na funguo zake.

Basi tutampimaje mwalimu? Tumtazame kwanza kama naye ana mwalimu, kama bado kuna mtu anayeweza kumwambia "umekosa". Tutazame anajibu namna gani "juu ya nini" ya mtu mdogo kabisa katika kundi lake. Tutazame watu waliokaa naye miaka kumi: wamekua, ao wanarudi kwake hata kwa shauri la kununua viatu? Wabemba wanasema kwamba mtoto asiyetembea anasifu bukari ya mama yake tu. Mwalimu mwema haogopi tukionja bukari ya jirani.

Na tutazame anawatendea nini watoto wenyewe. Hapo ndipo uongo unapoonekana wazi. Kuna wanaohubiri kwamba wakubwa wawe kama watoto, na siku ileile wanamnyooshea kidole mtoto wa miaka saba, yatima, wakisema ni mchawi, wanamfungisha chakula na kumpiga kusudi "pepo atoke". Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya mwaka wa 2009 ya kulinda watoto imeweka adhabu ya kifungo. Lakini kabla ya sheria, akili ya kawaida inatosha: anayemchukia mtoto hawezi kutufundisha utoto.

Likasi ilimzaa Valentin-Yves Mudimbe mwaka wa 1941, wakati mji ulipoitwa Jadotville. Alipokuwa bado mdogo alipokelewa na mapadri, akalelewa katika masomo yao, hata akaingia monasteri ya Wabenedikto. Baadaye alitoka, na alitumia maisha yake, mpaka alipokufa Marekani mwaka wa 2025, kuuliza jambo moja kubwa: maneno haya tuliyofundishwa juu ya Afrika, nani aliyasema, na kwa kusudi gani? Tempels naye alipita katika maswali yake. Wengine waliona kwamba ni mtoto aliyewageukia waliomlea. Sisi tunaona kinyume. Kilatini, vitabu, uvumilivu wa kusoma, vyote alivipata kwa wale waliomlea, na alivitumia kuuliza. Waliompanda walivuna mti, hata kama haukuwa mti walioungojea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusiwafundishe vijana wetu kuogopa kila mwalimu wa roho. Mtu asiyeweza kumwamini yeyote anabaki na njaa, na wazee wenye neno bado wako, makanisani na vijijini. Tuwafundishe kwenda na moyo wazi na mdomo wazi. Wapige magoti kama inafaa kupiga magoti, na wakiwa palepale, kwa heshima yote, waulize: "Baba, juu ya nini?" Aliye baba kweli atavuta kiti, ataanza kueleza.