Moyo Ukichafuka Mezani

Muuza dagaa mmoja wa Buzebazeba alipangiwa upasuaji wa uzazi kwa sababu mtoto alikuwa ametanguliza matako. Presha yake ilikuwa 118 kwa 74. Akachomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa mizito, akalazwa chali.

Haukupita muda akasema, "Nesi, moyo unachafuka."

"Ni njaa na woga, dada. Hujala tangu jana. Vumilia."

Akapiga miayo. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Mashine ya presha ilikuwa imetegwa ipime kila baada ya dakika 5. Ilipoubana mkono tena, ilisoma 64 kwa 30. Ndipo dawa ya kupandisha presha ikaanza kutafutwa, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu mwingine. Mtoto akatoka amelegea, wakamsaidia kupumua mpaka akalia. Mama naye alipona. Wengine hawaponi: utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta karibu mama 1 kati ya 200 akifariki baada ya upasuaji huu, na matatizo ya ganzi na usingizi yalihusishwa na vifo hivyo.

Ganzi ya mgongo huzima pia neva zinazoibana mishipa ya damu. Mishipa hulegea, damu ikatuama miguuni. Mama akilala chali, mji wa mimba nao huulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ubongo unapopungukiwa damu, mama huona kichefuchefu, mara nyingi kabla mashine haijasema lolote. Kwa hiyo dada unayepelekwa kwenye upasuaji huu, sema. Ukiambiwa ni woga, sema tena, uombe upimwe.

Kinachoniuma ni udogo wa vilivyokosekana. Shuka la kukunjwa chini ya nyonga ya kulia, mama aegemee kushoto. Dripu ya kufunguliwa kwa kasi ganzi inapoingia. Kipimo cha kila dakika hadi mtoto atoke. Na dawa ya kupandisha presha, fenilefrini au efedrini, iliyokwisha kuvutwa kwenye bomba la sindano na kuandikwa jina kabla mgongo haujaguswa. Makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2018 yanataka fenilefrini ianze mara tu baada ya sindano, na namba ya juu ya presha isishuke chini ya asilimia 90 ya ile ya awali. Kwa dada huyu mpaka ulikuwa 106, na huenda alikwisha kuuvuka alipomwita nesi.