Deni Lililolindwa na Siri

Palikuwa na mhasibu mmoja jijini Tokyo. Yeye ni wa hadithi hii tu, ila watu wa aina yake wapo. Kila Ijumaa, kazi ikiisha, aliingia na wenzake katika izakaya moja ya uchochoroni. Izakaya ni baa ya Kijapani: nje huning'inia taa nyekundu ya karatasi, mlangoni pazia fupi la kitambaa, na ndani kuna mishikaki ya kuku, soya changa za kuchemsha na pombe ya mchele. Watu humiminiana, kila mmoja akimjazia mwenzake. Ni mahali pa kupumzisha moyo baada ya juma zima la kazi.

Mwenye baa alimchunguza mhasibu kwa miezi. Akajua ana mshahara wa uhakika, ni mpole, na si mropokaji. Usiku mmoja, wenzake walipokwisha kukimbilia treni ya mwisho, akamnong'oneza: "Bwana, wewe si mgeni tena hapa. Njoo nikuonyeshe jambo nisilomwonyesha kila mtu." Wakapita jikoni, wakapanda ngazi, wakafika kwenye mlango wa chuma wenye kamera juu yake. Ndani watu walikuwa wakicheza bakara. Akapewa dau la kwanza bure, pamoja na sharti moja: habari za pale zisitoke nje, hata kwa mkewe.

Mhasibu aliona ameheshimiwa. Kumbe amekwisha kunaswa, kabla hajapoteza hata yen moja.

Bakara ni karata nyepesi. Unachagua mojawapo ya pande mbili, na kwa macho bahati ni nusu kwa nusu. Lakini ukichagua upande uitwao benki ukashinda, nyumba hukata asilimia 5 ya ushindi wako. Ukichagua upande wa pili, huo hushindwa mara nyingi kidogo kuliko unavyoshinda. Pengo hilo ni dogo, halionekani kwa usiku mmoja. Anayerudi kila juma humla polepole mpaka akaisha.

Naye aliisha. Akiba ilipokauka, mkopeshaji alikuwa ameketi papo hapo. Akampa yen 500,000 kwa riba ya asilimia 10 kila siku 10. Ulipe yen 50,000 kila siku 10 kwa mwaka mzima, utakuwa umetoa yen milioni 1.8, na deni lenyewe halijapungua hata kidogo.

Mkewe alimwuliza mbona anakonda, akasingizia kazi. Kaka yake alimpigia simu; hakupokea. Polisi aliwaogopa, maana kifungu cha 185 cha Kanuni ya Adhabu ya Japani humtoza mcheza kamari faini ya hadi yen 500,000. Mwishowe akagusa fedha za kampuni. Alikamatwa kwa wizi, wala si kwa kamari. Mchuma janga hula na wa kwao: nyumba iliuzwa, na watoto wakahama shule wasijue wamekosa nini.

Ndipo wakili alipomweleza jambo lililomuumiza kuliko yote. Kwa sheria ya Japani, deni la kamari haramu halidaiki mahakamani. Mkopo wa riba inayozidi asilimia 109.5 kwa mwaka ni batili, na wake ulizidi kiwango hicho mara tatu. Wenye pango la kamari ndio waliostahili kukosa usingizi, kwa kuwa kifungu cha 186 huwapa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Mhasibu aliiba ili alipe deni asilolazimika kulipa. Angemweleza wakili huyo mwezi wa kwanza, yangemfika faini na aibu ya muda, yakaisha.

Linganisha na kisa cha kweli. Aprili 2016 ilifichuka kwamba Kento Momota, mchezaji wa badminton aliyekuwa miongoni mwa bora duniani, alikwenda kwenye kasino haramu jijini Tokyo. Alijitokeza mbele ya waandishi wa habari, akakiri na kuomba radhi. Alifungiwa, akaikosa Olimpiki ya Rio. Lakini jambo lilikuwa wazi, na adhabu ikawa na mwisho: mwaka 2018 alitwaa ubingwa wa dunia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikaribishwa mahali kwa sharti la kuwaficha watu wako, ondoka usiku huohuo, hata kama umeonjeshwa ushindi. Ukiwa umekwisha kuingia, mwambie mtu mmoja leo, kabla ya mkopo wa pili. Onyo hili si la Tokyo pekee. Nairobi na Dar es Salaam kubashiri kwa simu kunaruhusiwa, lakini kijana anayefuta ujumbe wa mkopo ili mama yake asiuone yuko katika hatari ileile ya mhasibu.

Nanyi wa nyumbani, mtu akija kukiri, msianze kwa kumsuta. Ketini naye, mhesabu deni pamoja, mtafute mwanasheria au mzee mwenye busara. Mkimfukuza kwa maneno makali, atarudi kwa yule anayemkopesha.