Je, Vyote Viliumbwa kwa Ajili Yetu Tu?

Ndugu msomaji, wako watu wenye nia njema wanaouliza hivi: Ikiwa Mwenyezi Mungu ameeleza katika Kurani Tukufu ya kwamba vyote vilivyomo ardhini amemwumbia mwanadamu, mbona mwanadamu azuiwe kuvua na kukata apendavyo? Tena, muumini apata faida gani kusafiri mpaka pwani atazame ndege na kasa, na hali jirani yake ana njaa? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa dharau.

Kwanza tuyaangalie mambo yaliyotukia. Mbele ya Pangani kuna mahali paitwapo Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuja huko kwa wingi kutaga. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi, lakini tangazo halizuii mawimbi. Miti ilipopotea, mchanga ulikosa wa kuushika, na leo Maziwe ni fungu tu, nalo hufunikwa maji yajaapo. Maji yakitoka, ndege wa bahari hutua kupumzika. Na kasa bado huja! Silika aliyotiwa na Muumba wake humrudisha, hutaga mayai yapatayo mia moja, naye hana habari kwamba bahari itayazamisha. Hivyo walinzi huyachukua mayai hayo na kuyafukia katika ufuo wa Ushongo, bara, mpaka yaanguliwe.

Sasa tazama Chumbe, karibu na mji wa Unguja, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa zamani. Huko matumbawe yalilindwa kisheria tangu mwaka 1994, na baadhi ya walinzi walikuwa wavuvi. Mgeni huruhusiwa kutazama, lakini haruhusiwi kuokota hata kombe. Mwaka huohuo wa 1994 ndege waitwao buabua walikuja kutaga huko. Ndege hawa hutaga chini, mahali pa wazi, na mguu mmoja usio na hadhari waweza kumaliza kizazi.

Basi jibu ni nini? Baba akiwajengea wanawe nyumba, je, mwana wa kwanza ana ruhusa ya kung'oa milango akaiuze, na wadogo zake hawajazaliwa? Hapana! Kuumbiwa kitu si kupewa idhini ya kukiharibu. Kurani hiyohiyo inafundisha katika Sura Al-Anaam kwamba wanyama na ndege ni umati mfano wetu, na katika Sura An-Nur kwamba ndege warukao wanamtukuza Mungu. Basi amwuaye ndege bila haja ananyamazisha sauti ya amsifuye Mola wake. Naye Mtume Muhammad s.a.w. alipomwona ndege akihangaika kwa sababu makinda yake yamechukuliwa, aliamuru arudishiwe. Hakuuliza ndege yule ana manufaa gani kwa watu.

Ama kuhusu njaa, dini haituamuru kumpenda ndege na kumsahau mvuvi. Afungaye ghuba bila kujiuliza watoto wa mvuvi watakula nini amedhulumu pia. Lakini tusidanganyike: anayekokota nyavu za matundu madogo sana au kulipua baruti baharini hamlishi maskini, bali amlisha leo kwa chakula chake cha kesho. Samaki wakiachiwa mahali pa kuzaana, huongezeka na kutoka nje ya mpaka, na mvuvi huwapata huko.

Wala si lazima mtu akaaye Singe asafiri mpaka baharini ndipo ajifunze haya. Ziwa Babati li karibu naye, lina viboko, ndege na samaki, na wavuvi wanalitegemea. Na aende huko siku moja bila ndoano wala mundu, akae kimya, atazame. Kutazama namna hiyo si upuuzi, kwani Kurani inatuita mara kwa mara tuwatazame ndege walio juu yetu, tumjue Awazuiaye wasianguke. Kisha akirudi nyumbani ajiulize: mjukuu wangu atakuta nini hapa?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu juu ya amana Yake, na atuepushe na uchoyo wa kula sehemu ya wasiokuwapo bado. Amin.