Je, Yatosha Kumwuliza Mmoja Tu?

Siku hizi mtu akitaka kujua neno hasemi tena, "Nitamwuliza mzee fulani," bali husema, "Nitauliza Google." Mkulima wa Himo hutafuta hivyo dawa ya viwavijeshi walioingia katika mahindi yake; mama hutafuta sababu ya homa ya mtoto; hata mwinjilisti hutafuta maana ya neno gumu. Hatusemi ya kuwa jambo hili ni baya. Habari ambazo zamani zilitaka safari ya kwenda Moshi na kurudi, sasa zapatikana kabla chai haijapoa. Walakini twapenda kuuliza swali moja: Je, ni vema kumwachia mmoja tu kazi ya kutuonyesha lililopo na lisilopo?

Na tufikiri habari za mlima wetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuja kwa miguu kutoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule "baridi" tu. Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji. Habari hiyo ilipochapwa Uingereza mwaka 1849, bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyesifiwa kwa elimu ya nchi za Afrika, aliikataa kabisa. Yeye hakufika huku hata siku moja, alikuwa na vitabu vyake tu; lakini jina lake lilikuwa kubwa, na neno lake likasikilizwa kuliko la mtu aliyeona kwa macho. Shaka ile ilidumu mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipoujia mlima mwaka 1861, na tena mwaka 1862, akaishuhudia theluji. Miaka hiyo yote theluji ilikuwapo, na Wachaga waliitazama kila asubuhi; lakini kwa wasomaji wa mbali ilikuwa kana kwamba haipo.

Cooley hakukusudia kudanganya. Hatari ilikuwa hii, ya kuwa wengi walipokea habari kwa mlango mmoja, na aliyesimama mlangoni alikosea.

Hali yetu leo yafanana na hiyo. Google ilianzishwa Marekani mwaka 1998, na sasa katika nchi nyingi karibu watafutaji wote hupita kwake. Si kwa uzuri wa kazi yake peke yake. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua ya kuwa kampuni hiyo imevunja sheria ili kuwazuia wenzake wasiinuke. Ilionekana ya kuwa katika mwaka 2022 iliwalipa Apple dola bilioni 20, ili simu zao zimpeleke mtafutaji Google bila yeye kuchagua. Septemba 2025 jaji yuleyule hakuivunja kampuni, bali aliikataza mapatano ya kuwafungia wengine njia.

Tuseme mfano. Pale Njia Panda wasafiri huachana, wengine kwenda Moshi, wengine Same, wengine Himo na kuendelea Holili au Marangu. Kama angesimama hapo mtu mmoja tu wa kuulizwa njia, naye hupokea fedha kwa wenye maduka ili awataje kwanza, je, mgeni angejuaje maduka asiyotajiwa? Hivyo ndivyo yalivyo matangazo yanayolipiwa, ambayo mara nyingi hukaa juu ya majibu mengine. Tena chombo hiki hakiwezi kuonyesha ila yaliyoandikwa; na yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni machache kuliko ya Kiingereza, na ya Kichaga ni machache mno. Elimu ya wazee juu ya kuchimba na kugawa maji ya mifongo, nyingi haimo humo. Kijana akitafuta asiipate, atadhani haikuwapo kamwe.

Wengine watasema, "Lakini Google hujibu vizuri kuliko wengine wote." Huenda ni kweli, hata jaji yule aliusifu ubora wake. Walakini Torati haikutaka shahidi wa pili kwa sababu shahidi wa kwanza ni mwongo siku zote. Iliutaka kwa sababu hata mtu mwema aweza kukosa, na akiwa peke yake hakuna wa kumsahihisha. Mwaka 2024 majibu yanayotungwa na mtambo wa Google yalimshauri mtu atie gundi katika chakula. Huyo aweza kuchekwa. Lakini mama mwenye mtoto mgonjwa afanyeje?

Basi, ndugu, tusiutupe msaada huu, bali tuutumie kama watu wazima. Jambo likiwa zito, na tutafute kwa chombo kingine pia, kwani vipo. Tuangalie ni nani aliyeandika, na kama amelipia kutangulizwa. Kisha tumwulize bwana shamba, au daktari, au mzee aliye jirani yetu. Nao wanaojua kuandika wayaandike wanayoyajua wazee wetu, kabla hawajaondoka nayo. Kuuliza ni kazi, na kazi hiyo hatuwezi kumwachia mwingine pasipo hasara.